Bure, Huria na Ku Buntu: Historia Fupi ya Programu Huria katika Maktaba za Vyuo Vyetu

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini akiwa na malalamiko. Alikuwa akiandika tasnifu ya kulinganisha methali za ng'ombe katika Kiswahili na Kinyarwanda, mada ambayo hapa Rwanda haihitaji utetezi wowote. Alikwenda katika kompyuta ya maktaba, akaandika neno ng'ombe, akajibiwa kwamba hakuna kitu. Akajaribu tena bila alama ya ritifaa, akapata kitabu kimoja. Kisha, kwa hasira zaidi kuliko kwa hesabu, akaandika ombe peke yake, na hapo vikajitokeza vitabu viwili na tasnifu moja ya mwanafunzi aliyemtangulia. Vyote vilikuwa rafuni muda wote.

Tulikwenda naye kutazama. Ilikuwa hivi: ritifaa ya ng' inaweza kuandikwa kwa alama zaidi ya moja katika kompyuta. Ipo ile iliyonyooka inayopatikana kwenye kibodi, na ipo ile iliyopinda ambayo programu ya kuandikia huiweka yenyewe bila kumwuliza mtu. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Moja ilikuwa imehesabiwa kuwa nafasi kati ya maneno, hivyo neno likakatwa kuwa ng na ombe, na nyingine ilikuwa imefutwa, hivyo neno likawa ngombe. Mkutubi alikiri kwamba jambo hili linasumbua. Tulipomwuliza kama linaweza kurekebishwa alitujibu kwa swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: Je, mnajua programu hii ni ya nani?

Sisi walimu wa lugha tumezoea kudhani kwamba maswali ya namna hiyo ni ya mafundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yanatuhusu, na kwamba historia ya programu huria katika maktaba za utafiti, tangu Geneva na New Zealand hadi Dar es Salaam, Kampala na Kigali, kwa sehemu kubwa ni historia ya maneno.

Neno huria

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza ndani, kuubadili na kuugawa. Mradi huo aliuita GNU. Mwaka 1989 ikatolewa leseni yake maarufu, GPL, ambayo ina sharti moja la werevu: ukiibadili programu na kuigawa, nawe huna budi kuwaachia wenzako uhuru ule ule ulioachiwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na vitu hivyo viwili vikaungana.

Tangu siku ya kwanza Stallman alikuwa na taabu ya lugha. Neno la Kiingereza 'free' linabeba maana mbili, ya uhuru na ya kutolipa, na watu wakashika ile ya pili. Amelazimika kulifafanua neno hilo katika hotuba zake kwa miaka mingi. Mwaka 1998 wenzake wengine wakaona heri kubuni jina jipya linalosisitiza kwamba chanzo cha programu kiko wazi, na tangu hapo kambi mbili zimekuwa zikivutana juu ya jina lipi ni sahihi.

Kiswahili hakikuwa na haja ya ugomvi huo. Tunalo bure na tunalo huru, na hayo mawili hayajawahi kuchanganyika. Isitoshe, bure lina kivuli chake cha dharau: kazi bure ni kazi isiyo na faida, na mtu bure hana maana. Tena tunalo huria, neno ambalo wasemaji wa Afrika Mashariki walilizoea kwanza katika soko huria wakati uchumi ulipolegezwa, kisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Katika soko huria, huria maana yake ni kutozuiwa. Katika chuo kikuu huria, maana yake ni mlango ulio wazi kwa kila mwenye sifa popote alipo. Programu huria inachukua maana zote mbili pamoja. Hatudhani kwamba waliopendekeza istilahi hiyo walipitia hesabu zote hizi, lakini wamefanikiwa kuliko Waingereza.

Wanafunzi wetu wa Kinyarwanda wana cha kuongeza hapa. Kwao, kupewa kitu ku buntu ni kupewa pasipo malipo, na ubuntu wenyewe ni ukarimu, utu wa mtu. Oktoba 2004 kampuni ya Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth ilipotoa toleo la Linux kwa jina la Ubuntu, na baadaye ikawa inatuma sidii zake kwa posta kwa yeyote aliyeomba, Mnyarwanda aliyeishika bahasha ile alisoma jina na bei kwa pamoja. Waliochagua jina hilo walikuwa wakifikiria falsafa ya utu ya kusini mwa Afrika, si bei. Kwa hiyo lugha yetu moja inatenganisha bure na huria, na nyingine inauweka utu na kutolipa katika shina moja. Tunawaachia wanaisimu linganishi jambo hilo. Lina utamu wake.

Kutoka Geneva hadi Levin

Maktaba nyingi za Afrika ziliingia katika kompyuta kwa mlango wa ISIS. Programu hiyo ilizaliwa katika Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva katika miaka ya 1960, ikitumika kwenye mashine kubwa za wakati huo. UNESCO iliichukua, na mwaka 1985 ikatoa toleo la CDS/ISIS kwa ajili ya kompyuta ndogo za mezani, chini ya uongozi wa Giampaolo Del Bigio. Taasisi zisizo za kibiashara zilipewa bila kulipa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 likafuata toleo la Windows, WinISIS. Ni vigumu kueleza kwa vijana wa leo ukubwa wa kitu hicho: Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, palipokuwa na mkutubi na kompyuta moja, palikuwa na ISIS.

ISIS ilikuwa bure. Haikuwa huria. Uliweza kuitumia na kuigawa ndani ya masharti, na uliweza hata kuiandikia viongezo vidogo, lakini moyo wake ulifungwa. Ili kuelewa tofauti hii, tuchukue mfano wa kamusi. Fikiria umepewa kamusi ya zawadi, lakini imefungwa kwa namna ambayo unaweza kuiuliza maana ya neno moja moja tu. Huwezi kufunua kurasa kuona maneno yamepangwaje, wala kusahihisha kosa, wala kuongeza neno la kwenu. Ikikosea unamwandikia mwenyewe, kisha unasubiri. Akifa, kosa linabaki.

Tuliwahi kuona matokeo yake. Tulipokuwa tukisoma shahada ya uzamili katika nchi jirani, kulikuwa na maktaba moja ndogo ya utafiti tuliyoipenda kwa sababu ya magazeti yake ya zamani ya Kiswahili. Orodha yake ilikuwa ndani ya ISIS, imepangwa na mzee mmoja ambaye alijigawia mwenyewe namba za sehemu: mwandishi hapa, kichwa pale, mada kule. Mzee akastaafu. Hakuacha karatasi. Waliofuata walinunua programu ya kibiashara kwa fedha za mradi, wakahamisha walichoweza, na kadi za zamani zikachomwa. Mradi ulipokwisha, ada ya leseni ya kila mwaka haikulipwa, na asubuhi moja mashine ikakataa kufunguka. Magazeti yalikuwepo, orodha haikuwepo. Tuliandika sura nzima ya tasnifu yetu kwa kupekua rafu kwa mikono, na mpaka leo hatujui ni nini hatukukiona.

Koha ilizaliwa kutokana na hofu inayofanana na hiyo. Mwaka 1999 maktaba ya umma ya wilaya ya Horowhenua, New Zealand, yenye makao katika mji mdogo wa Levin, iligundua kwamba mfumo wake wa zamani usingevuka salama mwaka 2000, kwa ile kasoro ya tarehe iliyokuwa ikiitisha dunia wakati huo. Mifumo ya kununua ilikuwa ghali na haikulingana na mahitaji yao. Wakaiajiri kampuni ndogo ya Katipo Communications iwaandikie mfumo mpya, na wakakubaliana ugawiwe kwa leseni ya GPL ili wasibaki peke yao na mzigo wa kuutunza. Tarehe 3 Januari 2000 ulianza kazi. Jina waliloupa, Koha, ni neno la Kimaori: zawadi, lakini zawadi ambayo ndani yake mna matarajio kwamba uhusiano utaendelea na siku moja nawe utatoa. Wanyarwanda wanaojua maana ya kugabirana ng'ombe hawahitaji tafsiri.

Kutoka Levin mfumo ule ulienea. Maktaba ya Nelsonville katika jimbo la Ohio iligharimia sehemu ya kuufanya uelewe MARC, muundo wa kumbukumbu unaotumiwa na maktaba kubwa. Wafaransa wakaandika sehemu nyingine. Mtu wa Levin akaamka asubuhi akakuta programu yake inajua mambo ambayo hakuilipia.

Kuna kisa kimoja ambacho walimu wa lugha wanapaswa kukijua. Kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikiuza huduma za Koha iliomba kulisajili neno koha huko New Zealand kama alama yake ya biashara kwa programu za maktaba. Mwaka 2011 maktaba ile ndogo ya Horowhenua iliomba msaada wa watumiaji duniani ili ipinge, na michango ikaja. Hatimaye ombi la kampuni lilikataliwa. Msimbo ulilindwa na GPL, lakini jina halikulindwa na chochote isipokuwa wenye lugha yao. Tukumbuke hilo kila tunapoona maneno kama safari, jambo na hakuna matata yakipita katika mikono ya wafanyabiashara.

New Zealand ilitoa pia Greenstone, programu ya kujengea maktaba za kidijitali, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Waikato na kusambazwa tangu mwaka 2000 kwa ushirikiano na UNESCO. Novemba 2002 maktaba za MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard zikatoa DSpace, ya kuhifadhia tasnifu na makala za vyuo. Hiyo ndiyo iliyoshika mizizi zaidi katika vyuo vya Afrika Mashariki. Makerere waliitumia kujengea hazina yao ya kidijitali katika miaka ya 2000, vyuo vya Kenya na Tanzania wakafuata, na hazina ya Chuo Kikuu cha Rwanda nayo imejengwa juu yake. Mwanafunzi anayesoma tasnifu ya Nairobi na kisha ya Morogoro na kisha ya Kigali huenda asitambue kwamba ameingia katika nyumba moja yenye rangi tatu.

Jambo la Dar es Salaam

Sasa tufike mahali ambapo Kiswahili kiliingia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ndogo ya Kiswidi ya IT+46, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Idara ya sayansi ya kompyuta ilikaa meza moja na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo baadaye, mwaka 2009, iliingia katika TATAKI. Desemba mwaka huo wakazindua Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na ya majedwali ikiwa kwa Kiswahili. Kusahihisha tahajia kulitokana na orodha ya maneno iliyokusanywa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Katika kipindi hicho hicho Microsoft nayo ilikuwa ikitayarisha vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Kwa muda mfupi, lugha yetu iligombewa.

Kwa maoni yetu hakuna tukio la istilahi katika miaka ile lililokuwa na maana zaidi kwa walimu wa Kiswahili, na ni wachache walioliandika. Kabla ya hapo, istilahi za kompyuta zilikuwa zikitungwa na kuchapwa katika orodha ambazo zilikaa kabatini. Safari hii neno lilipopitishwa lilikwenda moja kwa moja juu ya kitufe, na mtu akalibonyeza. Hifadhi, bandika, nakili, pakua, faili, kiungo: haya yamekaa mpaka leo. Mengine yalianguka. Kipanya kilishindana na puku na kikashinda, pengine kwa sababu wengi hawakuwahi kumjua mnyama huyo. Tarakilishi iliendelea kupendwa na baadhi ya walimu, hasa wa Kenya, lakini mwenye duka la Nyabugogo au la Kariakoo anauza kompyuta. Hatumlaumu.

Kilichotusikitisha ni kilichofuata. OpenOffice ilitoa toleo la pili mwaka 2005, ikaja na sentensi mpya za kutafsiri. Mwaka 2010 waandishi wake wengi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Tafsiri ni kama shamba la mpunga: ukilipa kisogo msimu mmoja, majani yanalichukua. Fedha za mradi zilipokwisha hapakuwa na idara yoyote ya Kiswahili katika kanda hii iliyosema, sisi tutapalilia. Tunajihesabu miongoni mwa walionyamaza, ingawa wakati huo tulikuwa tungali vijana na hatukuulizwa.

Hapa kwetu

Rwanda ilichelewa kuingia katika mjadala wa Kiswahili cha kompyuta, na sababu zinaeleweka. Chuo Kikuu cha Taifa kilichoanzishwa Butare mwaka 1963 kilifungwa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 na kufunguliwa tena Aprili 1995. Kigali ilipata chuo cha sayansi na teknolojia, KIST, mwaka 1997, na chuo cha elimu, KIE, mwaka 1999. Ilikuwa kazi ya kujenga upya watu, majengo na vitabu kwa wakati mmoja. Katikati ya miaka ya 2000 watu walitafsiri sehemu za GNOME na OpenOffice kwa Kinyarwanda, jambo ambalo wanafunzi wetu husikia kwa mshangao, maana hawajawahi kuziona zikitumika.

Kisha mambo yakaja kwa kasi. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2008 Kiingereza kilitangazwa kuwa lugha ya kufundishia mahali pa Kifaransa. Mwaka 2013 vyuo saba vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na kila kimoja kilikuja na maktaba yake na desturi zake za kuorodhesha. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi kwa sheria. Aliyefuatilia tarehe hizi ataona kwamba orodha ya maktaba ya utafiti katika nchi hii ina matabaka kama udongo wa ukingo wa barabara: mada za Kifaransa chini, za Kiingereza juu yake, vichwa vya vitabu vya Kinyarwanda na Kiswahili vimetawanyika humo kama mawe.

Turudi kwa mkutubi wetu na swali lake. Programu hii ni ya nani? Jibu la programu huria ni kwamba ni ya yeyote atakayeshika jembe. Katika Koha, injini ya kutafutia inayoitwa Zebra, iliyoandikwa na kampuni ya Index Data ya Denmark, ina faili dogo la maandishi linaloeleza herufi zipi zihesabiwe sawa. Mtu akifungua faili hilo akaongeza mstari mmoja, ritifaa zote zikawa kitu kimoja, kisha akaamuru faharasa ijengwe upya, ng'ombe anarudi zizini. Hata ISIS ilikuwa na jedwali la herufi ambalo lingeweza kuguswa. Tatizo halikuwa kufuli. Tatizo ni kwamba anayejua ritifaa hajui faili, na anayejua faili hajui ritifaa.

Lakini ng' ni jambo dogo. Lililo kubwa ni viambishi vya ngeli. Mkutubi aliyesomeshwa kwa Kiingereza anafundishwa kukata neno mwishoni: andika shina, weka nyota, upate umoja na wingi pamoja. Kanuni za kompyuta za kurudisha maneno kwenye mashina yao, kama ile ya Martin Porter ya mwaka 1980, nazo zinachonga mwisho wa neno. Sasa mpe mtunzi na watunzi, kitendawili na vitendawili, utenzi na tenzi. Kwetu mabadiliko yako mbele. Mwanafunzi akitafuta kitendawili, kitabu chenye kichwa cha Vitendawili hakimjui. Kinyarwanda kina msiba huo huo, na pengine zaidi: igitabo, ibitabo. Tulipotazama orodha ya lugha ambazo injini za kutafutia za DSpace zimetayarishiwa kanuni za mashina, tuliona lugha nyingi za Ulaya, tukaona Kiarabu na Kihindi, Kiswahili hatukukiona.

Si kwamba elimu haipo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda uchanganuzi wa kompyuta wa mofolojia ya Kiswahili, mfumo uliokuja kuitwa SALAMA, na kongoo ya Helsinki ya Kiswahili katika toleo lake la pili ina takriban maneno milioni 25. Kila mwaka sisi wenyewe tunasahihisha mamia ya karatasi za mitihani ambamo wanafunzi wanachanganua viambishi bila kukosea. Elimu hiyo inaishia katika karatasi. Haijapita mlango wa maktaba iliyo upande wa pili wa uwanja.

Hatutaki msomaji adhani tunauza dawa ya kila ugonjwa. Programu huria si bure. Inataka seva, na seva inataka umeme usiokatika, na vyote viwili vinataka mtu anayelipwa. Tumeona vyuo ambavyo kijana mmoja hodari aliweka Koha, akaipenda, akapata kazi nzuri mahali pengine, na mfumo ukabaki kama ulivyokuwa siku aliyoondoka, bila kusasishwa, mpaka ukavamiwa. Mzee wa ISIS na kijana wa Koha wanaweza kuacha pengo lile lile. Tofauti ni kwamba wa pili akiondoka, anayekuja anaweza kusoma alichokiandika, tena anaweza kuwauliza maelfu ya wengine wanaotumia kitu hicho hicho. Ni tofauti kubwa, lakini inadai kwamba awepo anayekuja.

Kuazima na kuazimisha

Katika orodha ya tafsiri za Koha kuna faili la Kinyarwanda, na kuna faili la Kiswahili lililotiwa alama ya Kenya. Tulishtuka kwa furaha kuyaona, kisha tukayafungua na furaha ikapungua. Kuwa katika orodha ni jambo moja, kukamilika ni jingine. DSpace nayo, katika toleo lake la saba la mwaka 2021, ina faili la Kiswahili. Tulipolifungua tulikuta sentensi nyingi mno zikingali kwa Kiingereza, kila moja na alama ya kuonyesha kwamba inasubiri mtu.

Ndipo tulipoamua kuichukua kazi hiyo darasani, katika somo la tafsiri la mwaka wa tatu. Mwenzetu mmoja alipinga, na hoja yake ilikuwa nzito: hapa Kigali kila mtu anazungumza Kinyarwanda, na wanaotumia maktaba wanajua Kiingereza, nani atabonyeza kitufe cha Kiswahili? Tulimjibu kwamba tuna wanafunzi wa kutoka Goma, Bukavu na Kigoma, na kwamba wanafunzi wetu wenyewe wanatoka darasani wasikute mahali popote pa kulazimika kuitumia lugha kwa shughuli ya kweli. Hakuridhika kabisa, ila alikuja kikao kilichofuata, na ndiye aliyetoa mchango bora.

Tulikwama katika kitufe cha kwanza, kile cha kumpa msomaji kitabu. Wengi walisema: Azima. Lakini kuazima katika matumizi ya watu wengi ni kupewa na pia ni kutoa. Mtu husema ameazima kitabu kwa rafiki, na mwingine husema amemwazima rafiki kitabu. Msomaji anayeona kitufe hicho na mkutubi anayekiona hawasomi kitu kimoja. Mwenzetu yule mpinzani akasema kwamba Kinyarwanda kilishalimaliza jambo hili zamani: gutira ni kwa anayechukua, gutiza ni kwa anayetoa, tena ni kitenzi kimoja chenye kiambishi cha kutendesha. Kiswahili kina kukopa na kukopesha kwa fedha. Kwa nini tusiseme kuazima kwa msomaji na kuazimisha kwa mkutubi? Darasa zima likakubali. Kwa hiyo katika tafsiri yetu upande wa mkutubi umeandikwa Azimisha, na upande wa msomaji Azima. Ni sarufi ya Kiswahili iliyookolewa na jirani yake.

Mengine yalipita haraka: rejesha, nakala, tarehe ya kurejesha, kilichopitisha muda. Mtumiaji wa maktaba tulimwita msomaji, baada ya mteja kukataliwa kwa kelele na mwanachama kuonekana kama wa chama cha siasa. Lililobaki ni lile la mtu anayetaka awekewe kitabu kilicho mikononi mwa mwingine kikirudi. Hodhi lilichekesha, maana linanukia ulanguzi wa sukari. Bukia ndilo wanalolisema vijana wakikata tiketi ya basi la Huye. Wekea nafasi ni ndefu kuliko kitufe. Agiza inadhaniwa ni kununua. Akiba ina watetezi wake.

Karatasi yenye maneno ambayo hayajapitishwa imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha walimu, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Mkutubi ameahidi kuijenga upya faharasa wakati wa likizo, maktaba ikiwa tupu. Tunakutana Jumatano alasiri baada ya kipindi cha fonolojia, na mwanafunzi wa ng'ombe ndiye katibu.